Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Meza Kuu,
Chini ya Turubai.

YAH: MREJESHO WA NDOTO ZA WAHITIMU WA DARASA LA SABA ZILIZOTAJWA MBELE YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Itifaki imezingatiwa. Mimi ni katibu wa kamati ya maandalizi ya mahafali katika shule moja ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa, kando ya barabara kuu iendayo Rwanda. Jina la shule silitaji kwa sababu mwalimu mkuu wetu bado anasubiri kupandishwa daraja. Lako silitaji kwa sababu sina haja nalo. Mwaka huu unakuja ukiwa diwani, mwakani mbunge, mwaka unaofuata mfanyabiashara mwenye kituo cha mafuta anayetarajia kuwa mbunge. Sura hubadilika, kochi ni lile lile. Tunalikodi kwa mama mmoja pale senta, pamoja na kitambaa chake cheupe.

Kadi ya mwaliko husema saa tatu asubuhi. Saa saba na nusu skauti wetu, ambao miguu imeshakufa ganzi, wanaona vumbi la gari. Unavishwa skafu, unasikiliza ngonjera, unatazama igizo la madhara ya utoro (mhusika mkuu huwa ni mtoro kweli, ndiyo maana anacheza vizuri), unapokea risala iliyoviringishwa na kufungwa utepe. Kisha unasimama. Katikati ya hotuba unaiweka kando karatasi, unamwita mtoto mmoja wa mstari wa mbele, unamwinamia na kipaza sauti.

"Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?"

"Rubani."

Vigelegele. Unampa noti ya shilingi elfu kumi. MC anataka makofi ya nguvu kwa rubani wetu, spika inapiga mluzi, na hapo suala la ndoto linakuwa limekwisha. Tunakwenda kwenye keki.

Mheshimiwa, umeuliza swali hilo tangu mimi nikivaa kaptula ya kaki, na sijawahi kukuona ukiandika jibu. Hata msaidizi wako, ambaye huandika kila kitu, pale huweka kalamu chini na kupiga makofi. Kwa kuwa ofisi yako ina majukumu mengi, nimeamua kukusaidia. Nina daftari la kaunta ambalo ndani yake naandika nani alisema nini. Barua hii inatoka humo.

Kwanza nikuibie siri ya jikoni. Mtoto unayemwita hukumwita wewe. Amekaa mstari wa mbele kwa sababu ana viatu, na jibu lake lilipitishwa wiki mbili kabla katika kikao cha mwalimu wa taaluma. Zipo ndoto zinazokubalika mbele yako: daktari, rubani, mhandisi, mwanasheria, mwanajeshi. Ualimu tunauruhusu kama mwalimu mkuu amekaa karibu. Urais kwa msichana ulikuwa unachekwa. Tangu Machi 2021, mwanamke alipoapishwa kuwa Rais, haumchekeshi mtu, na kwa hilo nakiri dunia imesogea kidogo.

Zipo pia zinazofutwa. Bodaboda imefutwa. Dalali wa mpunga amefutwa. Mwaka mmoja kijana alisema anataka kuuza chipsi. Mwalimu akamwambia hiyo si ndoto, hiyo ni kazi ya shangazi yake. Kijana akatoa karatasi. Alikuwa ameandika bei ya ndoo ya viazi, ya trei ya mayai, ya lita ya mafuta, ya mkaa, na kinachobaki mfukoni kwa siku, akakumbuka na siku za mvua ambapo wateja hawatoki. Hesabu zote zilikuwa sahihi. Katika wahitimu wote wa mwaka ule yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ndoto yenye hesabu, tena katika nchi ambayo miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kati ya moja ya tano na robo hivi ya watahiniwa. Tulimpa uhandisi, kwa kuwa haukuwa umechukuliwa na mtu.

Mwingine, binti mdogo wa dawati la nyuma, alisema anataka kuwa mgeni rasmi. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba hiyo si kazi. Binti akauliza, "Sasa yule anafanyaga kazi gani?" Kikao kiliahirishwa.

Tumrudie rubani, maana ndiye uliyemlipa. Ulimwambia asome kwa bidii, na ushauri huo sina ugomvi nao. Ulichomficha ni ramani. Mtoto huyu kwa miaka saba ameota kwa Kiswahili. Januari ataamshwa kwa Kiingereza, atakutana na sentensi ya fizikia asiyoielewa hata neno la kwanza, na mwalimu wa fizikia ambaye shule za sekondari tatu zinamgombea. Akivuka, atachagua tahasusi ya kidato cha tano. Zamani zilikuwa 16, mwaka 2024 zikaongezwa 49 zikawa 65, na nadhani zilihitaji kuongezwa, ila kumchagulisha mtoto katika vyakula 65 kwenye hoteli yenye mpishi mmoja ni ukarimu wa aina yake. Akivuka na hapo ataomba mkopo wa elimu ya juu. Akihitimu, ataomba kazi.

Hapo kwenye kazi daftari langu linaishia, nikalazimika kusoma magazeti. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Kila mmoja wao, Mheshimiwa, aliwahi kusimama mbele yako kwenye turubai fulani akasema anataka kuwa kitu, na sidhani kama yupo aliyesema anataka kukadiria kodi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilihitaji watu 70. Walijitokeza zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyikie Uwanja wa Taifa. Naamini miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuambia wanataka siku moja kuingia uwanja ule mbele ya umati. Waliingia. Ndoto hiyo naomba iandikwe kwako kama imetekelezwa.

Nisionekane mtovu wa shukrani. Madarasa mawili mapya tunayo, yana marumaru, watoto huvua viatu kabla ya kuingia ingawa hakuna aliyewaagiza. Tangu Januari 2016 elimu bila ada ilipofika mpaka kidato cha nne, wamekuja watoto ambao wazazi wao wasingewaleta. Walikuja wengi, hata mwongozo wa wanafunzi 45 kwa darasa ukabaki kuwa aina mojawapo ya ndoto, na yenyewe imebandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya mlango.

Nina swali moja dogo kuhusu makofi yako. Juni 2017 ilipotamkwa kwamba msichana akipata mimba asirudi shule, ulipiga makofi. Novemba 2021 ilipotangazwa kwamba anaweza kurudi, ulipiga makofi. Kati ya makofi yale ya kwanza na haya ya pili kuna miaka minne na ushee. Daftari langu lina msichana wa miaka hiyo aliyesema anataka kuwa muuguzi. Sasa anauza nyanya pale stendi. Mwanawe yuko darasa la pili kwetu, na baada ya miaka michache utamwinamia na kipaza sauti umuulize anataka kuwa nani. Makofi gani kati ya yale mawili ndiyo ya kumweleza mama yake?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka jana mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu asiyependa kelele, aliwapa darasa la saba insha. Hakuwauliza wanataka kuwa nani. Aliwauliza wangependa dunia iweje. Hakuna mzazi aliyekuwapo, hapakuwa na mtu wa kumfurahisha, na mstari wa mbele haukuwa na maana. Nilimwomba madaftari yale nikakaa nayo mpaka mshumaa ukaisha. Nilitegemea kukutana na amani duniani na kutokomeza umaskini, yale maneno tunayowafundisha kuyaweka kwenye risala.

Mmoja aliandika anataka Goma patulie, kwa sababu mjomba wake ni dereva wa lori na tangu mji ule wa Kongo utekwe na waasi wa M23 Januari 2025 bibi yake hali usiku mpaka simu ilie. Mwingine anataka mvua zije mwezi wake, si kwa ajili ya tabianchi, bali kwa sababu zikichelewa baba yake huuza mbuzi na mbuzi mmoja ni wake. Mwingine anataka rafiki yake mwenye ualbino aweze kuja shule bila kusindikizwa na baba yake, ili wapate nafasi ya kupitia kwenye maembe. Niliisoma hiyo ya maembe mara kadhaa. Kwa watu wazima suala la ualbino lina mikutano, matamko na siku yake ya kimataifa. Yeye alichokiona ni kwamba mbele ya mzee wa watu huwezi kurusha jiwe mtini.

Wasichana, bila kuambizana, wengi wao waliandika kitu kimoja. Wanataka choo chenye mlango, na mlango wenye komeo la ndani. Hawakuandika "miundombinu rafiki kwa mtoto wa kike", hilo neno ni lako. Waliandika kwamba sasa wanakwenda wawili wawili, mmoja anaingia na mwingine anashikilia khanga mlangoni, na siku zile za mwezi wengine hawaji kabisa. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Matundu yetu siyahesabu hapa, wasije wakaguzi wakaona aibu kwa niaba yetu. Naongelea milango tu, ile ya matundu ambayo tayari yapo.

Umeliona tatizo, Mheshimiwa? Hayo mambo hukuwahi kuyasikia kwa sababu swali lako linamtaka mtoto azungumzie mwaka 2045, ambapo wewe hutakuwapo kwenye kochi. Rubani wa 2045 hakudai kitu leo. Ni ndoto salama kabisa kwa anayeisikiliza. Mtoto akitaka urubani unampa elfu kumi mnaachana kwa heri. Akitaka komeo, itabidi mtu aende dukani.

Nimewahi kusikia ukisema watoto wetu hawaoti ndoto kubwa. Nakuhakikishia wanaota kwa vipimo. Yule wa chipsi alipima kwa lita, wa mbuzi kwa mbuzi. Wanaopenda makubwa ni sisi tunaowaandalia risala, kwa sababu jambo kubwa halina bei na lisilo na bei halina mdaiwa.

Kwa hiyo kamati, katika kikao chake chini ya mwembe, imenituma nilete maombi yafuatayo, na naomba uyapokee kama ulivyopokea keki, yaani kwa mikono miwili na mbele ya kamera.

Ujapo mwaka huu, kabla hujauliza mtoto yeyote anataka kuwa nani, usome kwa sauti majibu ya mwaka jana na useme uliyafanyia nini. Nitakuandalia ukurasa. Kama hakuna ulichofanya, sema hakuna. Watoto wetu wamezoea majibu mafupi, sehemu kubwa ya mtihani wao ni ya kuchagua. Kochi tumelifuta kwenye bajeti. Utakaa kwenye dawati, katikati ya wahitimu wawili, na tutakuomba usogee kidogo akija wa tatu. Pesa ya kochi imenunua bawaba. Mbao zipo, zilibaki kwenye ujenzi. Fundi yupo, ni baba wa mmoja wa wahitimu, amesema hatadai ufundi. Kinachopungua ni makomeo, na tunaona itakuwa heshima kwako kuyaleta mwenyewe mfukoni, badala ya kuahidi mifuko ya saruji. Ahadi za saruji tulizonazo zinatosha kujenga bandari.

Pia jiandae mapema na 2027. Kwa mtaala mpya, mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Wahitimu watakuwa mara mbili, hotuba inaweza kubaki moja, lakini marubani watakuwa wengi na noti za elfu kumi itabidi ziongezwe.

Tarehe ya mahafali utaarifiwa kwa kadi. Tunaanza saa tatu. Safari hii tutaanza kweli, na ukifika saa saba na nusu utatukuta tunafunga mlango wa tatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Maandalizi ya Mahafali

Nakala kwa:
Mwalimu Mkuu (asome, achane)
Afisa Elimu Kata
MC, ili ajue kwamba mwaka huu hakuna mluzi wa spika
Mama mwenye kochi, kwa taarifa na pole
Kijana wa chipsi, banda la pili kushoto ukishuka stendi, ambaye kamati imemwomba apike siku hiyo, na ametaka malipo ya awali