Chupa Sita za Dodoma

Wazo lilikuwa langu. Hilo nimeshalikiri mbele ya kikao cha familia mara tatu.

Binti yetu mkubwa, aliyeolewa Ufaransa, alijifungua huko Lyon, na mama watoto akapata viza ya kwenda kulea uzazi. Nyumba yetu hapa Buzuruga ikageuka stoo: dagaa wakavu kilo mbili, unga wa ulezi, vitenge, blanketi jeupe la mtoto alilofuma bibi kwa mkono wake. Nikasema wakwe hatuwezi kuwapelekea dagaa peke yake. Nilikuwa Dodoma kikazi, basi nikanunua chupa sita za waini nyekundu, zabibu za Makutupora, nikazipakata kwenye basi kupitia Singida na Shinyanga mpaka Nyegezi. Hata moja haikupata mkwaruzo.

"Waini, tena Ufaransa?" jirani akaniuliza. "Si sawa na kumpelekea Mkerewe sato?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba Mfaransa anavuna zabibu mara moja kwa mwaka, Dodoma wanavuna mara mbili. Akasema hiyo ni habari njema kwa mkulima, mnywaji haimhusu.

Mama mkwe wangu, tunayemwita bibi, anaishi nasi, na ni Msabato wa benchi la mbele. Hakutaka Sabato ikute pombe ndani. Ijumaa kabla jua halijazama, chupa zilihamia banda la kuku. Jumamosi jua lilipozama, zikarudi chini ya kitanda changu.

Jumapili ndiyo tulifunga begi. Kijana wetu, aliyemaliza kidato cha nne na kwa hiyo anajua kila kitu, akatangaza kwamba chupa hupasuka angani kwa kukosa hewa. Nikamweleza kwamba sehemu ya mizigo hujazwa hewa kama pale wanapokaa abiria. Chupa huuawa na mikono inayolirusha begi. Akabisha. Nami nikatamka maneno ambayo kikao cha familia bado kinayarudia: "Basi tujaribu."

Tukaviringisha kila chupa kwenye kitenge. Ya juu kabisa tukaivika blanketi la mtoto, kwa usalama zaidi. Kijana akapanda juu ya meza ya chakula, akalinyanyua begi, akaliachia.

Kishindo. Kimya. Mama watoto akasema, "Mbona sijasikia kitu?"

Hapo zipu ikaanza kutoa wekundu. Kwanza tone, halafu matone, halafu mchirizi ulioufuata ufa wa sakafu, ukapita chini ya kochi, ukaenda kuchomoza kwenye mkeka wa bibi, aliyekuwa anachambua mchele bila habari. Akainua miguu.

"Mmemuua nani?"

Blanketi lilipigwa chumvi, ndimu, sabuni ya mche na jua la siku mbili. Likatoka na rangi ya uji wa ulezi. Dagaa wakanukia meza ya misa, na bibi akawatazama kwa mashaka mapya.

Usiku ule kijana, badala ya kuniombea msamaha kwa mama yake, alikuwa kwenye simu anasoma kanuni. Kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo kwenye begi la kupakiwa chini, mradi uzito wa tiketi usizidi. Wenye kikomo ni watu wa forodha: anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaingia na lita 4 za mvinyo wa kawaida bila ushuru. Chupa ni mililita 750. Sita zingefika lita nne na nusu. Tano ni lita tatu na robo tatu. "Baba, kumbe umetuokoa!" Ndiyo sifa pekee niliyoambulia katika safari nzima.

Asubuhi tukalipeleka begi kwa muuza vyuma chakavu, mwenye mizani ya kuaminika kuliko zote mtaani. Kilo 24 na kidogo. Tiketi inasema 23. Nikapendekeza wapunguzwe dagaa, nikatazamwa kama mchawi. Tulipofika nyumbani mama watoto akajifungia chumbani, akatoka na begi lenye kilo 23 kamili. Sikumwuliza kilichotolewa, na hilo ni kosa langu la pili.

Kesho yake jioni, simu kutoka Dar es Salaam.

"Baba watoto, wanasema haipiti."

"Ipi?"

"Ya kwenye pochi."

Tangu 2006, polisi wa Uingereza walipozima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, kimiminika cha mkononi kwa safari za kimataifa kinabanwa na mililita 100 katika viwanja vingi. Mililita 750 hata uzifunge kwa kitenge cha harusi hazipiti. Akaiacha pale mezani kwa wakaguzi, na ndege haikumsubiri aomboleze.

Zikafika nne. Baba mkwe wa binti akafungua moja, akanusa, akaonja, akauliza udongo wa Dodoma ukoje. Mama watoto, ambaye hajawahi kulima huko wala kuonja, akamjibu: "Mwekundu." Kisha wakamaliza dagaa wote.

Mwakani ni zamu yangu kwenda kumwona mjukuu. Kikao kimeshaamua: nitabeba kahawa ya Bukoba, ya unga.