Rula, Kijiko na Kiroba cha Unga

Zuhura, binti yangu wa kidato cha pili, alipokuja na habari kwamba ana mradi wa sayansi, swali langu la kwanza lilikuwa bei. Hapa kwetu Tanga nimeshajifunza kuwa neno "mradi" huanzia kwenye daftari la mwanafunzi na kuishia kwenye mfuko wa mzazi.

"Hauna gharama, baba," akasema. "Nahitaji rula tu na vidole vyenu."

Nikashusha pumzi. Laiti ningejua! Mradi huo usio na gharama ulikuja kunila kiroba cha unga wa ngano cha kilo 25, pamoja na heshima niliyoijenga kwa miaka kumi na minane ya ndoa.

Swali lake lilikuwa jepesi: mtu akilala kidogo, mkono wake unachelewa kiasi gani? Zuhura anaishika rula ya sentimita 30 kwa juu, inaning'inia. Wewe unaweka kidole gumba na cha shahada pale kwenye sifuri bila kuigusa. Anaiachia ghafla, hahesabu wala hakonyezi, nawe unaidaka. Anasoma sentimita ulipodakia. Kwa kuwa rula huanguka kwa kanuni ileile siku zote, urefu huo unageuzwa kuwa muda: unauandika kwa mita, unaugawa kwa 4.9, unatafuta kipeuo cha pili. Ukidaka kwenye sentimita 20, umetumia sekunde 0.20 tangu jicho lione hadi vidole vifunge.

Wahusika tulikuwa wanne. Bibi, yaani mama yangu mzazi, ana miaka 71 na hulala kila baada ya adhuhuri, mvua inyeshe isinyeshe. Hamisi ana miaka tisa na usingizi humkuta popote, hata akiwa na kijiko mdomoni. Mama Zuhura huuza maandazi barazani. Hulala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri kukanda na kukaanga. Wa nne mimi, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kulala saa sita na kuamka saa kumi na moja, na wa kuwaambia wenzake kazini kwamba usingizi ni wa wenye nafasi.

Kila asubuhi kwa wiki nzima tulipanga foleni. Rula saba kila mtu; mbili za kwanza hazihesabiki, ni za kuzoesha mkono, tano zinatafutiwa wastani. Jioni ya Ijumaa jedwali likabandikwa ukutani kwa uji wa sembe: Hamisi 19, Bibi 22, mimi 26, Mama Zuhura 27.

"Bibi amenishinda?" nikauliza.

"Kwa sentimita nne," Zuhura akajibu bila kunyanyua kichwa.

Nikaeleza kwamba vidole vya mhasibu vimezoea kalamu, na kwamba rula yenyewe ina mafuta ya maandazi. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasema polepole, kana kwamba anauambia ule mchele, "Nyani haoni kundule."

Hapo ndipo jambo likatoka kwenye sayansi na kuingia kwenye heshima.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Zuhura akaja na kipimo cha pili, ambacho husimuliwa kwa jina la Nathaniel Kleitman, mtaalamu wa usingizi wa Chicago. Huyu mwaka 1938 aliingia na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth, Kentucky, wakakaa humo siku 32 wakijaribu kuishi kwa siku za saa 28, waone kama mwili utakubali. Ni kama mtu wa huku ahamie mapango ya Amboni na kitanda chake. Mwanafunzi alizoea; Kleitman, aliyemzidi umri kwa mbali, mwili wake ulikataa katakata.

Kipimo chenyewe hakihitaji pango. Unajilaza mchana kwenye chumba chenye giza, mkono unaning'inia ukingoni na kijiko, chini yake sahani ya bati. Unatazama saa, unafumba macho. Usingizi ukikuchukua, vidole vinalegea, kijiko kinalia kwenye bati, unaamka na kusoma dakika. Zikiwa kumi na tano au zaidi, huna deni kubwa. Zikiwa chini ya tano, umefilisika.

Nilifumba macho saa nane na dakika kumi. Bati likalia saa nane na dakika kumi na nne.

"Kijiko kiliteleza," nikasema. "Jasho."

"Mbona ulikuwa unakoroma?" akauliza Hamisi.

Mwanaume ana mipaka yake. Nikatangaza kwamba usiku huo sitalala kabisa, na alfajiri nitadaka rula kwenye sentimita 15 mbele ya mashahidi. Zuhura akashtuka. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa amewakataza kumkesheza mtu. Ruhusa ni kupima usingizi ambao mtu amelala mwenyewe. Akanisimulia habari za Randy Gardner wa San Diego, kijana wa miaka 17, ambaye Desemba 1963 aliamua kukesha kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni kwake. Alifika saa 264, yaani siku kumi na moja, na William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford akaenda kumtazama. Siku ya mwisho aliambiwa atoe saba kutoka mia, kisha aendelee kutoa saba. Alipofika 65 akanyamaza. Kuulizwa kwa nini ameacha, akajibu amesahau alikuwa anafanya nini. Watunza rekodi wa Guinness baadaye waliacha kupokea mashindano ya kukesha kwa sababu ya hatari yake.

"Huyo alikuwa mtoto," nikasema. "Tena hana kahawa."

Nilipewa daftari lenye mistari ya kila dakika kumi, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa kutia tiki. Nikapewa na kazi mbili za ziada, kwa kuwa nipo macho. Ya kwanza, ninyanyue kiroba kipya cha unga kilichoachwa sakafuni kwenye banda la jikoni nikiweke juu ya benchi. Nikasema baadaye. Ya pili, maji ya mgao yakija nifungulie mpira wa simtanki, lijae, nifunge.

Nilijitengenezea kahawa chungu ya tangawizi, chupa nzima. Niliihesabu kuwa silaha. Kumbe tangu mtu aamke, kichwani hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kahawa haiiondoi. Inakwenda kukalia viti vyake tu, na usingizi unabaki umesimama mlangoni ukisubiri kahawa inyanyuke.

Hadi saa nane usiku nilikuwa simba. Tiki zangu zilisimama wima kama askari wa gwaride. Saa tisa na dakika tano bomba likakohoa, maji yakaja, nikafungulia. Tangi lilikuwa nusu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki pale ukumbini, mgongo ukutani, masikio kwenye maji. Saa tisa na dakika kumi nikatia tiki. Saa tisa na dakika ishirini nikatia tiki.

Kilichonigutusha ni sauti ya mguu. Mama Zuhura alikuwa ametoka saa kumi kama kawaida yake, akakanyaga uani: chwaa! Kikafuata kimya kirefu, kisha akaita, "Baba Zuhura."

Hakupaza sauti. Angepaza ningeogopa kidogo.

Simtanki lilikuwa linamwagika pande zote. Ua ulikuwa ziwa. Kandambili ya Hamisi ilikuwa inaelea ikielekea getini. Banda la jikoni liko bondeni, na maji hayaulizi njia. Kiroba kilikuwa kimekaa katikati kama kiboko, kimekunywa hadi kiunoni. Nilipojaribu kukinyanyua, kitako kikabaki chini.

"Sikulala," nikasema, unga ukinitiririka mikononi. "Nilifumba macho tu."

Zuhura akaleta daftari, akaliweka chini ya taa. Mistari ya saa tisa na nusu, tisa na dakika arobaini, tisa na dakika hamsini na saa kumi ilikuwa mitupu. Ile tiki ya saa tisa na dakika ishirini ilianza vizuri, ikapinda, ikashuka ukurasa mzima kama njia ya konokono, ikatokea ukingoni. Nililitazama daftari lile kama mhasibu. Nimewahi kuwabana watu kwa ushahidi hafifu kuliko ule.

Nikaombwa nitoe saba kutoka mia. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano, hamsini na nane. Nikampita Randy Gardner kwa hatua moja, nikajisifu, kisha nikasema hamsini na tatu. Yeye alikuwa na siku kumi na moja. Mimi nilikuwa na usiku mmoja, na sehemu yake nimelala. Rula tano zilizofuata nilidaka mbili. Tatu zilipita vidoleni zikagonga sakafu.

Na hili ndilo linalonisumbua hadi leo: wakati wote ule nilijiona mzima. Ningepewa ufunguo wa gari ningeendesha. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Sinzia sekunde tatu tu, umeshapita mita 66 ukiwa haupo. Mimi sikuwepo kwa dakika arobaini na nikabisha.

Tajiri alikuwa halipi hadi Jumatano, kwa hiyo kiroba kingine hakikuwezekana kabla ya hapo. Jumatatu, Jumanne na Jumatano hapakuwa na maandazi. Mama Zuhura alizira kwanza, kisha Jumapili saa tatu usiku akajilaza "kidogo". Bibi akaweka kigoda mlangoni, akakikalia, akatutangazia kwamba atakayemwamsha mke wa mwanawe atamjua. Akalala hadi saa moja asubuhi, na siku mbili zilizofuata vilevile.

Zuhura hakusimamisha mradi. Mama yake alidaka 22 Jumatatu, 20 Jumanne, 18 Jumatano. Alhamisi unga ulikuwepo, na saa kumi alfajiri akawa jikoni tena. Kufika Jumatatu iliyofuata rula ilisoma 25.

"Si kitu," akasema. "Mimi nimeshazoea."

Neno hilo hilo nilikuwa nalitumia mimi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha habari za watu waliolala saa sita au nne kila usiku kwa wiki mbili. Kila siku umakini wao ulizidi kushuka, hadi wakawa kama watu waliokesha, huku wenyewe wakisema wamechoka kidogo tu. Mwenye usingizi ndiye shahidi wa mwisho wa kumwuliza.

Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, na kwamba mkono nao hujifunza rula. Hata hivyo akaisifu ile sehemu ambayo vipimo vilishuka vikapanda tena, maana mkono uliokwisha kujifunza usingerudi nyuma bila sababu. Akauliza pembeni: "Mliwezaje kumpumzisha mama siku tatu mfululizo?" Safu ya maelezo ilikuwa tayari ina jibu, kwa mwandiko wa binti yangu: "Unga uliloa."

Sasa nalala saa tatu, matokeo ya mpira wa miguu nayasikiliza asubuhi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mimi ndiye ninayeamka saa kumi kukanda, naye analala. Kiroba kinakaa juu ya benchi. Wateja wameshajua zamu: siku zangu wanabonyeza andazi kwanza, kisha wanauliza kama yale ya jana yamebaki.