Boksi la Spika na Fundi Mwenye Haraka

Ukitaka kumtambua fundi mwenye haraka, angalia pembe za maboksi yake ya spika baada ya sherehe mbili tatu za kigodoro. Rangi imebanduka, mbao ya MDF imevimba kwa mvua, na mwenyewe analaumu kopo la rangi. Kopo halina kosa.

Kabla ya kupaka, anza kwa kutoa spika zote, vishikio na soketi za nyaya. Najua umeshazifunga, na mtaa mzima umeshazisikia. Fungua. Koni ya karatasi ikirukiwa na rangi huongezeka uzito, na mlio wake haurudi ulivyokuwa.

Sasa kingo, na hapa tukae kidogo. Uso wa MDF umeshindiliwa ukabana, lakini pale msumeno ulipopita ni nyuzi tupu, zinazokunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Unapaka, inapotea. Unapaka tena, ukingo unaota manyoya. Fundi mwenye haraka huongeza rangi. Wewe chukua gundi nyeupe ya mbao, izimue kwa maji, pakaza kingo, iache ikauke, piga msasa namba 180, kisha rudia. Ukipitisha kidole usisikie manyoya, kazi kubwa imekwisha. Kona kali nazo zilainishe kidogo kwa msasa. Rangi hukimbia ncha kali na kubaki nyembamba mno, na ndipo bodi ya gari la kirikuu itakapogonga kwanza.

Ziba matundu ya skrubu kwa puti, msasa tena, ukimalizia na namba 240, ufute vumbi lote. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu: vaa barakoa, na watoto wanaokuja kuchungulia wafukuze bila haya. Kisha praima ya mafuta, maana ile ya maji huamsha nyuzi ulizokwisha kuzilaza.

Rangi yenyewe ipake mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke na kupitishwa msasa laini kabla ya unaofuata. Fundi mwenye haraka hupaka mkono mmoja mnene, juani, saa saba mchana. Juu hushika ngozi, tina iliyonaswa chini hutafuta pa kutokea, na boksi huota malengelenge. Paka kivulini. Na juu ya rangi ya mafuta usipulize rangi ya magari yenye tina kali. Ya chini itajikunja yote.

Rangi ya mafuta huacha kunata ndani ya saa kadhaa, lakini kukomaa kwake huchukua siku nyingi, hata wiki. Ukiyapandanisha maboksi mapema yatagandana, na siku ya kuyatenganisha moja litaondoka na ngozi ya mwenzake. Bonyeza kwa ukucha upande wa nyuma: alama ikibaki, bado. Mteja akikwambia harusi ni Jumamosi hii, mkodishie maboksi mengine.