Mkono Ukiwasha, Kamwagilie Mchicha: Namna ya Kuishi na Sansevieria ya Pindo la Njano

Kwanza, utambue. Wauza maua wengi watakwambia ni sneki planti. Kibao kikiandikwa Sansevieria au Dracaena trifasciata, ni huohuo. Jani lake ni nene, limesimama wima, lina mistari ya kijani cheusi na kijani kilichofifia inayokata upande hadi upande. Sasa tazama ukingo: unaotaka una pindo la njano kuanzia chini hadi nchani, pande zote mbili. Binya jani. Likiwa gumu, toa hela. Njano iliyojitokeza kama doa, ikibonyea chini ya kidole, ni kuoza, mwachie mwenyewe.

Pili, ujue kwao. Mmea huu ni wa Afrika, kuanzia Nigeria hadi Kongo. Huu wenye pindo unaitwa Laurentii, kwa jina la Émile Laurent, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji aliyekusanya mimea Kongo na kufariki mwaka 1904. Umezoea ukame: jani linaweka akiba ya maji, na vitundu vyake vya hewa hufunguka zaidi usiku, jua likishazama, ili maji yasipotee mchana.

Tatu, zuia mkono. Maji ya kila siku ndiyo yanayouua. Chini ya udongo kuna shina nene linalotambaa, na likikaa kwenye tope linaoza huku majani juu bado yanapendeza. Utashtukia jani limelala. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi chini kabisa ya chungu, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo umekigandia, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mkono ukizidi kuwasha, kamwagilie mchicha, huo utashukuru. Chungu lazima kiwe na matundu, na udongo uchanganywe na mchanga wa chengachenga.

Nne, upe mwanga. Kivuli unakivumilia, ila gizani haukui. Weka karibu na dirisha, ufute majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Paka na mbwa wasiutafune: una saponini, itawatapisha.

Tano, na hapa ndipo wengi wanapoipoteza njano yao: uzidishe kwa kugawa shina. Ukikata jani vipande na kuvichomeka udongoni, vitaota mizizi vizuri tu, lakini watoto watatoka kijani kitupu. Mmea huu umeundwa na tishu za aina mbili zilizokaa pamoja, moja ya kijani, nyingine isiyo na kijani, na hiyo ya pili ndiyo inayoonekana kwenye pindo. Chipukizi linalozaliwa kwenye kipande cha jani huanzia kwenye tishu ya ndani, ya kijani, na pindo linabaki nyuma.

Kwa hiyo ng'oa mmea wote, kung'uta udongo, tafuta chipukizi lililokwisha kuwa na mizizi yake, likate pamoja na kipande cha shina kwa kisu safi. Acha kidonda kikauke siku moja au mbili, kisha panda. Jirani akikuomba mbegu, mpe hilo, hata kama itakubidi umwambie asubiri mwezi chipukizi likomae. Mmea huu unastahili kupita mikononi mwetu ukiwa mzima, pindo lake na yote.