Mbuzi wa Ridhaa

Marekani wameungama. Baada ya miaka mia na ushee ya kuapa kwamba kijana wa chuo hucheza kwa mapenzi tu, tangu Julai 2025, kwa idhini ya mahakama, vyuo vinaruhusiwa kumlipa waziwazi, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Huku kwetu Mbebe hatukuhitaji mahakama. Soka letu ni la ridhaa kweli: mchezaji karidhia, mwenye duka karidhia, nauli ya bodaboda kutoka Tunduma imeridhiwa usiku. Zawadi ya bingwa ni mbuzi mmoja. Kumleta mshambuliaji kumekula wawili. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mtu wa namna hiyo huitwa mamluki, ila akiwa wa kwetu ni mwanafunzi aliyehamia. Kidato cha pili, ndevu zimejaa, na pembeni ya uwanja kuna katoto kanapiga kelele, “Baba, funga!”

Eti kulipa wachezaji kutaua ushindani! Kwani hapa nchini ulikuwepo? Tangu Azam wautwae 2014 hadi 2025, ubingwa wa Ligi Kuu ulikuwa unatembea kwa miguu kati ya Msimbazi na Jangwani.

Nusu fainali ni Jumamosi. Mshambuliaji wetu kaomba udhuru: ana kikao cha wazazi.