Jogoo wa Mkuu wa Mkoa na Ikwalaiza

Msomaji mwenzangu uliyejaliwa mke, wakwe na simu yenye kamera, sogea hapa tuongee taratibu, maana wenyewe wamelala. Waliotuambia kwamba tukioa tutapumzika, sijui wao walioa kwa nani. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Ndoa ndiyo iliyonitoa kwenye milima yetu ya mawe ikanipandisha huku Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako upepo hauna likizo. Ndugu zangu walinitahadharisha. Nikawajibu, upepo tu? Nani angenieleza kwamba ipo siku upepo huohuo utaletwa mezani kwangu ukiwa ndani ya memori kadi, nami niambiwe niutoe?

Mke wangu, Mama Mapacha, anauza korosho. Anabangua mwenyewe hapa uani, anafungasha, anapakia kwenye basi, wateja wa Dar es Salaam wanapokea. Sasa wateja nao wana maneno, wakaanza kuuliza zinatengenezwaje. Akaamua kuwapigia video: jinsi ya kukaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, jinsi ya kujipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasibabue ngozi, jinsi ya kugonga ganda kwa kijiti mpaka lipasuke na kiini kibaki kizima. Na hakuishia uani. Alikwenda mpaka Shimo la Mungu, pale ukingoni unapoliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo, akasimama na kilemba chake kipya, akasema, "Karibuni Newala."

Kwa macho, video haina kasoro. Moshi unapanda, kijiti kinagonga, kiini kinatoka cheupe, hata mimi ninayekula bure nilitamani kununua. Sasa ifungulie sauti. Unasikia vuuuu. Unasikia jogoo. Unasikia mtoto anasema, "Mama, naomba moja," na mwingine anadakia, "naomba moja." Chini kabisa ya hayo yote, kwa mbali, kuna mwanamke anazungumzia majivu.

"Baba Mapacha," akaniambia, "wewe si mwalimu wa hesabu? Hebu isafishe."

Huo uhusiano wa hesabu na kusafisha sauti sikuuliza. Ukishakaa kwenye ndoa muda wangu, unajua maswali yapi yana faida.

Kabla sijaendelea nikutambulishe kwa baraza. Mapacha wangu nawaita Kelele na Mwangwi: mmoja husema, mwingine hurudia, na hiyo kazi wanaifanya tangu jua linapochomoza. Mama mkwe ni Mkuu wa Mkoa. Alikuja kwa ziara ya kikazi msimu mmoja wa korosho, akiwa na begi, ungo na jogoo, na ziara hiyo haijafungwa mpaka leo. Halafu yuko shemeji yangu, Injinia. Cheo hicho kajipa mwenyewe kwa sababu anakodisha mitambo ya muziki kwenye harusi kule Masasi. Ana sabufa inayoweza kuhamisha sahani kwenye kabati la jirani, na ukimpa redio yoyote, kitu cha kwanza anachokitafuta ni besi.

Injinia aliposikia dada yake ana shida ya sauti akapanda siku hiyohiyo, vumbi mpaka kwenye kope. Akafungua laptopu yangu, humo nina Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Akaifungua ikwalaiza, ile safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha. Akapandisha vya kushoto vyote. Akapandisha vya kulia vyote. Vya katikati akavishusha, safu ikachora tabasamu.

"Sikiliza sasa, shemeji."

Tulisikiliza. Upepo wa Shimo la Mungu ukaingia sebuleni kwa kishindo, vikombe vikatetemeka. Mama Mapacha hakuwepo. Mke wangu alikuwa amefutika kwenye video yake mwenyewe.

Tabasamu lile linafaa muziki wa harusini, ngoma chini, vinanda juu, watu wanarukaruka. Ila sauti ya mtu akizungumza haikai pembeni, inakaa katikati. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, mpaka kama hezi 20,000, na kila kitu kina mtaa wake humo. Ngurumo ya upepo na ya lori imejaa chini ya 100. Sauti ya mwanamume ikianzia karibu na 100, ya mwanamke huanzia karibu na 200. Baina ya 200 na 400 kuna uzito fulani ambao ukizidi, msemaji anasikika amejifunika blanketi. Kwenye 2,000 mpaka 5,000 ndiko herufi zinakotamkika, ndiko mtu anakoeleweka. Na baina ya 4,000 na 8,000 huwaka zile s na sh. Sasa mwanamke anauza korosho, msomaji wangu. Kila sentensi ina "sho" moja au mbili. Kila "sho" ilikuwa ukucha sikioni.

Nilimwomba Injinia apishe kwenye kiti. Nikakata kila kitu kilicho chini ya hezi 90, na ngurumo nyingi ya uani ikaondoka, kwa sababu Mama Mapacha hana biashara yoyote kule chini. Nikapunguza desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwenye 300, blanketi likafunuka. Nikaongeza desibeli 2 kwenye 3,000, majivu yakaeleweka. Nikashusha kidogo kwenye 6,000, "sho" ikatulia. Ona kwamba nimepunguza zaidi kuliko kuongeza. Ukiongeza kila mahali, unachopata ni kelele kubwa zaidi, na sauti ikigonga dari inapasuka. Kipande cha Shimo la Mungu kilikuwa kimeshapasuka tangu huko, upepo uliipiga maiki mpaka ikalewa, na hicho hakuna kitufe cha kukirudisha. Tukaweka muziki juu yake, tukanyamaza.

Basi ningekuwa nimeshinda. Lakini nilipoongeza kwenye 3,000 ili mke wangu asikike, jogoo naye akasimama wima. Nikapunguza palepale ili jogoo anyamaze, mke naye akanyamaza. Hawa wawili wanakaa mtaa mmoja. Mapacha nao wamepanga humohumo. Ikwalaiza ni ungo: pumba itaipepeta, lakini mchele wa mama na mchele wa jogoo ukishachanganyika, utapeta mpaka kesho.

"Mama," nikamwambia Mkuu wa Mkoa kwa adabu zote anazostahili mkwe, "huyu jogoo hawezi kufungiwa kidogo, tukarekodi upya?"

"Jogoo wangu kakukosea nini, mkwe wangu?"

"Anawika juu ya maneno ya mwanao."

"Na mwanangu anasema juu ya maneno ya jogoo. Nani alitangulia uani?"

Nikakaa chini. Injinia, ambaye alikuwa bado anauguza tabasamu lake, akaona mwanya. Akasema nimekata besi sana, dada yake amekuwa mtu wa kwenye simu. Mkuu wa Mkoa akauliza, kwani wa kwenye simu ana nini? Yeye anapowapigia watoto wake wa Mtwara, wanamsikia vizuri na wanatuma hela. Na hapo, kwa bahati mbaya, hesabu zikawa upande wake: laini za simu za zamani zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu, chini na juu ya hapo zikatupa, na ulimwengu mzima ukaposana, ukazozana na kudaiana madeni humohumo. Nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa kwa huruma, ya mtu aliyelijua jambo kabla hujazaliwa.

Usiku ule, umeme umekatika, tukakaa uani tunamenya ming'oko, nikawasimulia habari za Karl Weule. Huyu alikuwa Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na huku Newala mwaka 1906, na kwenye mizigo yake alikuwa na fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Babu zetu waliimba, nta ikachongwa, nyimbo zikaenda Ujerumani. Hakuwa na ikwalaiza wala umeme. Mashine za wakati ule zilikuwa na pembe kubwa, na pembe hiyo ilinasa zaidi sauti za katikati, nzito sana na nyembamba sana zikabaki nje. Mtu wa kuimba alitakiwa apeleke mdomo karibu na pembe, basi.

"Na jogoo walikuwepo?" akauliza Mkuu wa Mkoa.

"Bila shaka walikuwepo, Mama."

"Wakafungiwa?"

Sikujibu. Ila Mama Mapacha alikuwa ameacha kumenya. Yeye alikuwa amesikia lile la mdomo karibu na pembe.

Kesho yake nikamtafuta nyumba nzima. Nikamkuta stoo, mlango umefungwa, amejibanza katikati ya magunia ya korosho yaliyokuwa yanasubiri kupelekwa AMCOS, chama chetu cha ushirika. Simu ameiweka shibiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige maiki, anasimulia video upya akiwa anaitazama kwenye simu yangu. Akanipa nisikilize. Ndugu yangu, ilikuwa sauti ya redio. Hakuna upepo, hakuna jogoo, hakuna anayeomba moja. Sebule yetu ina sakafu ya saruji, kuta zimepigwa lipu, juu ni mabati bila silingibodi, neno likitoka linagonga huku na huku kabla halijakufikia. Gunia lililojaa korosho halirudishi neno, linalimeza. Na simu ikiwa karibu, sauti inakuwa kubwa kuliko vurugu za nje: ukiupunguza umbali kwa nusu unaongeza kama desibeli 6, hujagusa kitufe chochote. Nilikata kilicho chini ya 90, nikagusa "sho" kidogo, kazi ikaisha.

"Sasa hiyo ikwalaiza yenu ilikuwa ya nini?" akauliza, akamtazama na kaka yake. Injinia akasema anarudi Masasi, kuna harusi. Hakuondoka.

Ila alikuwa amesimulia nusu tu. Nusu ya kugonga na kufungasha akaiahirisha, kwa sababu kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Wakati yuko msibani, lori likaja. Huku kwetu korosho ghafi inauzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo wa tangu mwaka 2007: unapeleka AMCOS, inapimwa, inakwenda ghalani, inasubiri mnada wa chama kikuu, TANECU kwa sisi wa Newala na Tandahimba. Korosho zikapakiwa zote isipokuwa debe lake la kubangua, nami nikapokea risiti kwa furaha ya baba mwenye ada za shule.

Mama Mapacha aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo. Nikasikia, "Baba Mapachaaa!" na ile "chaaa" ikaendelea kutembea ukutani peke yake.

"Studio yangu iko wapi?"

"Iko kwenye foleni ya mnada."

Akarekodi hivyohivyo. Nusu ya kwanza mtangazaji wa taifa, nusu ya pili mtu aliyetumbukia kisimani. Akasema nitumie ikwalaiza. Nikamweleza kwamba mwangwi ni sauti yake mwenyewe inayorudi kwa kuchelewa, inakaa kwenye hezi zilezile zake, nikiugusa namgusa yeye. Akasema siku zote huwa nina sababu. Tukatundika vitenge, vikapunguza makali ya juu tu, kisima kikabaki, maana kitambaa chepesi hakiwezi kumeza kitu kizito. Hapo Mkuu wa Mkoa akatoa agizo: magodoro. La kwake lina mgongo, haliguswi. La mapacha wanalikojolea. Lililobaki unalijua.

Godoro langu likasimamishwa stoo na linasimama huko mpaka sasa, kwa sababu amepata oda ya video ya njugu mawe. Mimi nalala kwenye mkeka. Injinia, mgeni, yuko kwenye kochi.

Video ikamalizika, ikatumwa, oda zikaja. Mkuu wa Mkoa akaomba naye aonyeshwe. Akaangalia kimya mpaka pale jogoo anapopita nyuma ya bati, anasimama, ananyoosha shingo, anafungua mdomo. Hakuna kinachotoka.

"Mmemfanya bubu."

"Mama, sauti ya uani tuliitoa yote..."

"Jogoo mzima wa Newala, mbele ya watu wa Dar es Salaam, bubu. Mrudishieni sauti yake."

Kwa hiyo jana alasiri nilikuwa stoo, nimempakata jogoo, godoro langu nyuma yangu, Injinia ameshika simu shibiri moja kutoka mdomoni mwa ndege. Giza lile jogoo alidhani ni usiku, akalala. Tulimtikisa, tukamwimbia, Injinia akampigia besi kwa kinywa. Wapi. Mwishowe nikawaita mapacha. Kelele akawika. Mwangwi akawika. Nikakata chini ya 300, nikaongeza kidogo kwenye 2,000, nikabandika pale mdomo unapofunguka.

Mkuu wa Mkoa akarudisha nyuma, akasikiliza tena, uso ukalainika.

"Huyo sasa ndiye jogoo wangu," akasema. "Ila mwongezeeni besi kidogo."

Injinia alikuwa ameshafika kwenye laptopu.