Inzi Walioachwa

Kwetu Petta, wilayani Tororo, msomi wa ubongo hutarajiwa kutibu vichwa. Nikirudi likizo nakuta watu mlangoni: huyu ana kipandauso, yule mkwewe anaongea peke yake, wa tatu anataka dawa ya mtoto asiyeshika hesabu. Nikiwaambia kwamba mimi si daktari, ni mwanafunzi wa uzamili anayechunguza ubongo wa inzi wadogo wa matunda, hutawanyika wakinipa pole.

Mama ndiye anayebeba aibu. Kanisani wakimuuliza kazi yangu, hujibu, "Yuko Kampala, ofisini."

Likizo moja nilikuja na chupa ya inzi wa macho meupe, aina aliyoigundua Thomas Hunt Morgan mwaka 1910. Asubuhi naamka, chupa iko jikoni, imejaa mafuta ya kupikia kutoka Busia.

"Nimekutupia wale wadudu," akasema Mama. "Walikuwa wagonjwa hata macho."

Nikamweleza kwamba ubongo wa inzi una seli za neva 140,000 hivi, na kwamba mwaka 2024 wanasayansi walichapisha ramani yake nzima. Wetu, wenye seli karibu bilioni 86, bado unawashinda.

"Na hizo bilioni zako zote," akauliza, "hakuna hata moja inayowaza kuoa?"

Baba mdogo akaniokoa kwa kuniita kwenye pombe ya malwa. Wazee walikuwa wamezunguka chungu, mirija mirefu mdomoni, na ukingoni walikuwa wametua inzi wale wale, maana hawa hufuata chochote kilichochacha. Hapo nikapata darasa. Nikawasimulia utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2012: inzi madume waliokataliwa na majike walikunywa chakula chenye kileo zaidi ya wenzao waliopata wenzi. Wakikataliwa, kemikali fulani hupungua ubongoni. Ikipungua, dume hukimbilia kileo.

Mirija yote ikasimama. Mzee mmoja aliyekuwa akimpunga inzi kwa kofia akazuiwa mkono.

"Mwache anywe," akasema baba mdogo. "Ameachwa huyo."

Wazee wakacheka mpaka chungu kikataka kupinduka. Ndipo mama mdogo akapaza sauti kutoka jikoni:

"Wangu hajawahi kukataliwa hata siku moja, na anakunywa kuliko hao inzi wote. Hilo nalo liandike!"